Kalondu, Baba wa Mwanzia

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, keki kavu, na hotuba ya mkurugenzi aliyenisifu kwa mchango wangu katika sayansi huku akichungulia karatasi ili akumbuke mimi ni nani. Nikashukuru, nikala keki. Sasa niko nyumbani, mjini Wote, muda ninao, na nyinyi vijana mnaobaki na mradi mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi. Habari za vyeo na mishahara hamtazipata hapa. Vyeo vilinipita njiani bila kunisalimia, na mshahara kila mtu anaujua wa kwake. Nitaandika kazi.

Kwa asiyejua, mradi wetu ni ule wa kufuata familia za Kitui na Makueni mwaka baada ya mwaka: wanakula nini, wanaishi vipi, damu yao imebeba nini kutoka kwa wazazi, na mwishowe wanaugua nini. Vyuo vya nchi nyingi vimeshirikiana. Kila nchi ilileta chake: moja ilileta mashine, nyingine ikaleta maswali, nyingine ikaleta kofia zenye nembo. Sisi tulileta watu na damu yao, ndiyo maana jina letu huandikwa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, pale wanapowashukuru pia madereva.

Siku yangu ya kwanza nilitumwa upande wa Kambu pamoja na Sista Ndinda, muuguzi wa zamani mwenye mkono usiotetemeka na mdomo usiochoka. Mimi nilikuwa nimetoka wodini, nimezoea mgonjwa aliyelala ambaye hana pa kukimbilia. Tulipofika boma la kwanza tu, nikafungua sanduku na kutoa sindano. Ndinda akanipiga kofi mkononi.

"Rudisha hiyo kitu. Hujaona mama ameweka uji kwa meko?"

"Lakini Sista, ratiba inasema..."

"Ratiba haina kiu. Kaa chini."

Tukakaa. Tukaongea habari ya mvua, tukaulizana koo mpaka tukapata shangazi wa pamoja, na kama hakuwepo basi Ndinda alimbuni. Mwenyeji wetu alikuwa ameagizwa asile kitu tangu jana yake kwa sababu ya kipimo cha sukari, kwa hivyo uji tuliunywa sisi, naye akatutazama. Tulipomaliza alinyoosha mkono mwenyewe bila kuambiwa. Njiani Ndinda akanieleza kwamba damu inayotolewa kabla ya uji ni ya wizi, na ile ya baada ya uji ni zawadi. Maabara haiwezi kuzitofautisha, lakini kijiji kinaweza. Mwaka uliofuata tulirudi boma hilo tukapokewa. Timu nyingine, ile iliyofuata ratiba, ilifukuzwa na mbwa maboma mawili mbele, na kijiji kizima kikasema wale wanauza damu ng'ambo.

Vifaa vyetu mnavijua, ila nyinyi mmevikuta vimeshastaarabika. Mtungi wa naitrojeni ya kugandishia damu ulikuwa unatoa moshi mweupe kila ukifunguliwa, na kule Ikutha mchungaji mmoja aliukemea kwa jina la Yesu mpaka nikaufunga. Utepe wa kupimia kiuno ulipaswa kupita juu ya ngozi. Jaribuni kumwambia bibi wa rika la mama yenu afunue leso mbele ya mkwewe ili sayansi isonge mbele. Tulipima juu ya leso, tukapunguza kidogo, na Mungu anajua kiasi tulichopunguza.

Halafu kulikuwa na maswali. Maswali yaliandikwa na watu wanaokula mezani. Tulipewa kitabu cha picha za sahani, mtu aonyeshe chakula chake na kiasi chake. Kulikuwa na samaki wa rangi ya waridi, majani mabichi ya aina tano, na jibini. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe ambayo Mkamba huyala mpaka siku anayozikwa, hayakuwemo. Tuliambiwa tuyaweke chini ya "nyinginezo". Kwa hiyo kwenye kompyuta za dunia nzima, watu wa Ukambani ni watu wenye afya ya wastani wanaoishi kwa kula nyinginezo.

Kuhusu matunda, timu ya Makueni ilihoji watu wakati wa maembe, nayo ya Kitui ikahoji wakati wa kiangazi. Wataalamu wakakaa kwenye mkutano asubuhi nzima wakijadili kwa nini mto Athi unatenganisha watu wanaopenda matunda na watu wasioyapenda. Mmoja alidhani ni jeni.

Na lile swali la mazoezi ndilo lililonichosha zaidi. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa ametoka mtoni, mtungi wa maji bado uko mgongoni, kamba imemkata paji la uso.

"Mama, kwa wiki unafanya mazoezi mara ngapi?"

"Mazoezi ndiyo nini?"

"Ni kama kutembea haraka, ama kubeba kitu kizito, kwa ajili ya afya."

Akafikiri kwa uaminifu. "Kwa ajili ya afya? Sijawahi."

Tableti ilitaka namba, nikaweka sifuri. Mpaka leo mama huyo yumo kwenye kundi la watu wanaokaa tu.

Nacheka, lakini kuna boma moja ambalo sijawahi kulicheka, nalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuandika. Ni boma la Kalondu, kati ya Kambu na mto.

Kalondu alikuwa mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Basi akafanya kama wanawake wengi wa kwetu waliomtangulia: akatoa mbuzi na ng'ombe, akaoa mke. Mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Anakuja kuzaa watoto wa boma, na baba wa watoto hao ni yule mwanamke aliyemwoa. Mwanamume aliyesaidia kazi anajulikana na kila mtu na hatajwi na mtu yeyote. Usidhani ni siri. Ni adabu, kama vile usivyomuuliza mgeni ataondoka lini. Iweto wa Kalondu aliitwa Nduku, na watoto walikuwa Mwanzia na dada yake Mumbua. Walimwita Kalondu susu, yaani nyanya, kwa sababu ya mvi zake, lakini mahari ya Mumbua ingezungumzwa na Kalondu, na ng'ombe wangeingia kwa Kalondu. Baba ni nani mwingine?

Kijana wetu aliyewaandikisha alikuwa mtoto wa hapo hapo. Tableti ikamuuliza jina la baba, akajaza Kalondu. Ikamuuliza jinsia ya baba, akajaza ke. Tableti ikakataa. Akajaza me, ikakubali, wakaendelea. Hakuona kosa, na mimi silioni mpaka leo.

Mwaka uliofuata nilipigiwa simu na Brian, mtu wa takwimu katika ofisi ya Nairobi.

"Sista Mbithe, kuna boma yako iko na shida. Baba ni mwanamke."

"Ndiyo."

"Hapana, hujaelewa. Damu inasema baba ni mwanamke. Na watoto si wake. Ama sample zilichanganywa, ama mtu wenu alipika data."

Nikamweleza iweto.

"Sasa hiyo... ni kama wameoana? Wanawake wawili?"

"Brian, kwenu ni wapi?"

"Nairobi. Lakini wazazi ni wa Mwingi."

"Basi wapigie leo jioni, uwasalimie, uwaulize."

Nadhani aliwapigia, maana baada ya hapo alikuwa na heshima zaidi. Lakini mfumo haukuwa na wazazi wa Mwingi. Boma likawekewa alama nyekundu, na kanuni yetu ilisema boma lenye alama nyekundu halipewi majibu yoyote ya vipimo mpaka utambulisho wa familia uthibitishwe. Nilipiga simu, nikaandika, nikalalamika mkutanoni. Niliambiwa lalamiko limepokelewa. Kwenye mradi wetu malalamiko yalipokewa vizuri sana, kuliko hata wageni.

Ndani ya majibu hayo yaliyozuiwa kulikuwa na kipimo cha figo cha Mwanzia, na kilikuwa kibaya. Mwanzia alikuwa fundi wa matairi barabarani Kambu, kijana mrefu anayeinua gurudumu la lori kama sinia. Majibu yake yalikaa Nairobi yakingoja kujua baba yake ni nani. Alipoanza kuvimba uso, walidhani ni usingizi. Alipoanza kutapika, walidhani ni maji ya kisima. Alipofikishwa hospitali ya rufaa, figo zake zilikuwa zimejaa vifuko vya maji na kazi ilikuwa karibu kuzishinda kabisa.

Bado hasira haijanitoka. Niliwahi kusikia mkubwa wetu akiita tukio hilo "somo". Somo ni la mwanafunzi. Lile lilikuwa mtu.

Daktari wa figo, mama mmoja asiye na maneno mengi, alituita: Nduku, Mumbua na mimi. Akasema ugonjwa huu unashuka kutoka kwa mzazi. Nduku alikuwa amepimwa na figo zake ni safi, kwa hiyo ulitoka upande wa baba. Kijana angehitaji figo ya kupandikizwa.

"Nitampa moja yangu," Mumbua akasema kabla daktari hajamaliza. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na alisema kama mtu anayejitolea kuleta chaki.

"Mna baba mmoja?" daktari akauliza.

Mumbua akamwangalia mama yake. Nduku akaangalia sakafu.

Daktari akaeleza taratibu. Mumbua bado mdogo. Kwa umri wake vifuko huenda bado havijaonekana, na picha safi ya leo si ahadi. Kama yeye na Mwanzia wametoka kwa baba mmoja, daktari hatamgusa msichana, kwa sababu huenda akampa mgonjwa figo mbovu na kumwachia msichana nyingine mbovu. Kama baba ni tofauti, vipimo vianze kesho.

Tulipotoka nje nikamuuliza Nduku kwa upole wote nilionao.

"Sista, mimi niliolewa na Kalondu," akasema. "Nikitaja mwanaume mwingine, nimemtusi bwana yangu. Uliza mwenye boma."

Nikampigia Brian. Nikamwambia hivi na hivi, kijana anakufa, wewe damu za wote wawili unazo, niambie neno moja tu.

Nikamsikia akibofya kompyuta yake. "Jibu niko nalo kwa screen, Sista. Ninaliona. Lakini tuliwasainisha kwamba hatutawahi kusema mambo ya nani alizaa nani. Nikisema, si mimi peke yangu, ni mradi wote unafungwa." Sauti yake haikuwa nzuri. "Nimepeleka kwa kamati ya maadili."

Kamati ya maadili ilikutana kwa mtandao, ikakubaliana kwamba jambo ni nyeti, ikapanga kukutana tena. Hapo ndipo tulipofikia na sayansi yetu ya nchi nyingi: kompyuta ilijua, kijiji kizima kilijua, na kila upande ulikuwa na kanuni yake ya kunyamaza.

Mngeniuliza kwa nini sikuenda mbio kwa Kalondu. Nilienda, na nilimkuta Muthama amekaa pale. Muthama alikuwa mtoto wa shemeji yake Kalondu, mzee wa kanisa, mwenye suti ya kahawia na subira ya mamba. Kwa miaka mingi alikuwa akisema kwamba shamba la Kalondu ni la ukoo, na watoto wa Nduku ni wa kuokotwa. Alichokosa ni mtu wa kuthibitisha hilo. Kalondu akimtaja mwanamume mbele ya watu, Muthama angepata alichokitafuta. Asipomtaja, Mwanzia angekufa. Nikamweleza Kalondu jambo lote pembeni, jikoni. Alisikiliza akichambua ndengu, akaniuliza kama Mumbua anakula vizuri, akanisindikiza. Nilitembea mpaka barabarani nikilia, nikijifanya ni vumbi.

Jumamosi iliyofuata Kalondu aliwaita watu wa ukoo nyumbani kwake. Aliniita na mimi, na Muthama alikuja bila kukosa. Kukawa na chai na mandazi. Mumbua na mama yake walikaa kwenye mkeka. Kalondu hakusimama.

"Mmesikia Mwanzia ni mgonjwa," akasema. "Daktari anataka kujua kitu, na mtu wa kukisema ni mimi, kwa sababu ni mimi nilioa. Mwanzia nilimtafutia Kilonzo, yule fundi wa visima wa ng'ambo ya mto. Nilichunguza hiyo nyumba yao vizuri. Hawakuwa na mwizi, hawakuwa na mchawi, hawakuwa na mtu wa kifafa, na walikuwa warefu. Figo sikuangalia. Ningeangalia na nini?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Kilonzo mwenyewe alikufa amefura uso. Tukasema amerogwa. Sista, wako watoto wake huko ng'ambo, uende uwapime. Sasa Mumbua si wa Kilonzo. Kilonzo alianza kuja hapa mchana, anatembea kwa shamba langu akihesabu miembe. Nikamfukuza. Nikatafuta mwingine. Huyo ako hai, ako na nguvu, ako na wajukuu, na simtaji, kwa sababu hakuna mtu ameuliza figo yake."

Muthama akaweka kikombe chini taratibu. "Kwa hivyo mama umekubali, mbele ya watu, kwamba hawa watoto si wa ukoo wetu."

"Muthama," Kalondu akasema, "fahali ya jirani ikiruka ua ipande ng'ombe yako, ndama ni ya nani?"

Muthama akakohoa.

"Nijibu. Wewe ni mzee wa kanisa na uko na ng'ombe."

"Ya mwenye ng'ombe."

"Basi kunywa chai."

Wazee waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa, na mambo ya shamba yakaishia hapo, angalau hadharani. Mimi nilibaki na mandazi mkononi nikiwaza. Huyu mama alichunguza koo, akapima urefu, akauliza magonjwa ya wazazi, akachagua. Ni kazi ile ile tuliyokuwa tukiifanya sisi. Tofauti ni kwamba yeye alipoulizwa swali kwa ajili ya mgonjwa, alijibu.

Niseme mapema msije mkasoma kwa wasiwasi: figo ya Mumbua ilikubali, na Mwanzia yuko hai. Matairi ya lori hayainui tena, anaandikia wateja risiti na kuwafokea wanafunzi wake. Watoto wa Kilonzo niliwafuata ng'ambo ya mto, na wawili walipatikana mapema, wanatumia dawa. Boma la Kalondu bado lina alama nyekundu. Kamati, nasikia, itakutana.

Lakini siku ninayoikumbuka ni ile niliyomtoa Mumbua damu ya kwanza ya kulinganisha, kwenye kituo cha afya Kambu. Nilikuwa nimeandaa tyubu zake. Mlango ukafunguliwa akaingia Kalondu, amevaa leso ya kanisani, amekuja na mkongojo wake kwa miguu. Akakaa kwenye kiti cha kutolea damu na kukunja mkono wa sweta.

"Anza na mimi."

"Mwaitu," nikasema, maana kwetu mama wa rika lake ni mama yako, "yako haihitajiki. Umri wako umepita, hawawezi kuchukua figo. Na tena..."

"Na tena damu yangu haiko kwake," akamalizia. "Najua. Mimi ndiye nilipanga isikuwe." Mkono bado umenyooka juu ya meza. "Lakini kesho watu wakiuliza, dada yake ametoa figo, mama yake amelala hospitali naye, baba yake alifanya nini? Utawaambia nilikaa hapo nje kwa benchi?"

Mumbua alikuwa amesimama dirishani. Hakugeuka.

Nikafunga mpira juu ya kiwiko cha Kalondu na kutafuta mshipa. Ilikuwa kazi, ngozi ya wazee huteleza. Damu ikaja polepole, nyeusi, akaiangalia mpaka tyubu ikajaa. Nikaandika juu yake: Kalondu, baba. Kisha nikamwita Mumbua akae.